Mshtuko wa moyo na mishipa iliyoziba: maswali manne

Mzee wetu alipigiwa simu ya msiba, akaanguka palepale. Si habari ndiyo iliyomuua?

Habari mbaya huweza kuwa kichocheo cha mwisho, ila kazi ilikuwa imeshafanyika miaka mingi nyuma. Hilo jina "mshtuko" linatupoteza. Moyo una mishipa yake yenyewe inayoulisha damu. Lehemu, yaani mafuta ya kolesteroli, hujijenga taratibu ndani ya kuta za mishipa hiyo, chokaa nayo huongezeka, hadi ukuta ukakakamaa. Siku utando unaofunika lehemu hiyo ukichanika, damu huganda juu yake kama inavyoganda kwenye jeraha. Bonge likiziba njia, msuli wa mbele yake hukosa oksijeni na huanza kufa ndani ya nusu saa hivi.

Nina miaka 28. Yananihusu?

Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kupasua maiti 300 za askari waliofia vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya robo tatu walikutwa na dalili za ugonjwa kwenye mishipa ya moyo. Vijana wa kwata hao! Kisukari, presha ya 140/90 kwenda juu na sigara huharakisha mambo. Mimi ningeanza kwa kuacha sigara.

Nitajuaje ni moyo, si gesi?

Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Kifua hubana kana kwamba kimewekewa gunia, maumivu yakapanda begani, mkono wa kushoto au taya, na jasho la baridi likatoka. Lakini mwanamke, mzee au mwenye kisukari anaweza asiumwe kifua kabisa: anaishiwa nguvu ghafla, anakosa pumzi, anatapika. Ukiona hivyo usikae kuchemsha tangawizi. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha ECG, yaani cha umeme wa moyo, asiendeshe gari mwenyewe. Njiani atafune aspirini ya miligramu 300, isipokuwa kama ana mzio nayo au ana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu.

Kitunguu saumu na limau havizibui mishipa?

Havizibui. Bonge huyeyushwa kwa dawa ya sindano, au daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi au kwenye paja hadi moyoni, akatanua palipoziba na kuacha kijibomba cha chuma kiitwacho stenti. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, hufanya kazi hiyo, na mara nyingi mgonjwa huwa macho. Kitunguu saumu kitie kwenye mchuzi.