Kwa nini Land Cruiser ya zamani huvuja magurudumu ya mbele hata baada ya kubadilishiwa sili?

Chungulia nyuma ya gurudumu la mbele la Land Cruiser hardtop ya mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984. Mara nyingi utakuta rojo jeusi limetiririka kutoka kwenye goti la ekseli hadi kwenye rimu. Gereji nyingi hubadilisha sili (pete za kuzuia mafuta yasivuje), hufuta uchafu na kumruhusu mwenye gari aondoke. Baada ya miezi michache rojo limerudi, na lawama zote anabebeshwa muuza spea. Sili feki zipo, tena nyingi, lakini hata sili halisi haidumu ikiwa beringi za goti zimelegea au kipumulio cha ekseli kimeziba.

Ekseli ya mbele ya gari hili ni bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kila ncha yake ina tufe. Goti hulizunguka tufe hilo kwa nje na kugeuka kushoto na kulia juu ya beringi mbili, moja juu na moja chini. Ndani ya tufe kuna jointi ya Birfield, inayopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Jointi hiyo huogelea kwenye grisi nzito. Difu, yaani sanduku la gia katikati ya ekseli, kwa upande wake inatumia oili nyepesi ya gia, namba 90. Kinachotenganisha grisi na oili ni sili moja ndogo ya ndani, iliyopachikwa kwenye shingo ya ekseli ili shafti, yaani chuma kirefu kinachozungusha gurudumu, ipite katikati yake.

Sili za nje zinazoonekana nyuma ya tufe (pete za chuma, raba na sufu) kazi yake ni kulifuta tufe tu. Hazikuundwa kuzuia oili. Kwa hiyo utando mwembamba wa grisi juu ya tufe usikutie wasiwasi, ndivyo inavyotakiwa. Rojo linalodondoka ndilo tatizo, kwa sababu maana yake ni kwamba oili ya difu imepita sili ya ndani na kuiyeyusha grisi. Kuhakikisha, fungua pulagi ndogo yenye kichwa cha mraba juu ya goti. Grisi nzito ikibaki mahali pake, sili ya ndani ni nzima. Ukikuta majimaji yenye harufu kali ya oili ya gia, imekufa. Pima pia oili ya difu, maana lazima imepungua.

Tuanze na beringi. Zikilika, goti hushuka au kuhama kidogo kutoka katikati, nayo shafti huegemea upande mmoja wa sili. Mdomo wa raba hulika upande huo na kuachia upenyo upande wa pili. Kuzipima ni rahisi. Piga jeki hadi gurudumu linyanyuke, likamate juu na chini, kisha sukuma na kuvuta. Kama linacheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, zilizolegea ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni za goti. Usukani unaotetemeka ghafla baada ya kugonga shimo ukiwa kwenye mwendo nao mara nyingi unaanzia hapa.

Kipumulio ni kivalvu kidogo juu ya ekseli. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutokea hapo. Tope likikiziba, hewa hiyo huisukuma oili nje kupitia sili. Ukiingia mtoni ekseli ikiwa bado ya moto, ndipo mambo yanapoharibika zaidi: hewa hupoa ghafla, husinyaa na kufyonza maji ndani. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Wenye mkonga, yaani bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, hujisahau sana hapa, kwa sababu mkonga unaipa injini hewa safi huku kipumulio cha ekseli kikiwa bado chini ya maji.

Dawa yake ni nafuu. Ng'oa kivalvu, funga kiunganishi na mpira wa mafuta wa milimita 8 kwa ndani, uupandishe hadi juu ndani ya boneti na umalizie na chujio dogo la petroli. Uachie ulegevu wa kutosha, la sivyo ekseli ikishuka kwenye shimo mpira utachomoka.

Ukiamua kufungua goti, fanya kazi yote kwa mkupuo mmoja. Andaa seti ya sili na gasketi za pande zote mbili, beringi nne za goti, sili za hab (kitovu cha gurudumu), washa mpya za kufungia nati na soketi ya milimita 54 kwa nati kubwa za hab. Patasi na nyundo huziharibu nati hizo, ingawa ndizo zinazotumika sana. Washa za koni, zile zinazojikaba kwenye studi, zikigoma, weka kipande cha shaba kwenye ncha ya studi na ugonge, zitaruka zenyewe. Shimu, yaani vile vibati vyembamba vya juu na chini ya goti, zifunge na waya kila moja na lebo yake. Hizo ndizo zinazoliweka goti katikati na kukadiria ukazaji wa beringi. Zikichanganywa, sili mpya itakufa kama ile ya kwanza. Pitisha ukucha pia kwenye shafti pale inapogusana na sili. Ukihisi mfereji, ni kazi bure kuweka sili mpya juu ya shafti hiyo.

Grisi iwe ya lithiamu yenye molibdenamu, namba 2. Ishindilie kwanza ndani ya Birfield hadi itokeze upande wa pili, kisha jaza goti kama robo tatu. Kwa goti lililooshwa likakauka, andaa karibu nusu kilo kila upande. Kama Birfield inagonga ukikata kona ukiwa kwenye 4x4 lakini haijapasuka, hamisha ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Nguvu ya kwenda mbele itaangukia upande wa njia za gololi ambao haujalika.

Usikimbilie kufunga magurudumu. Nati za mkono wa usukani juu ya goti hukazwa kwa takriban 96 Nm, na studi zake ziwe safi, bila grisi. Zikilegea kwenye barabara ya makorongo studi hukatika, na gurudumu halifuati tena usukani. Zikague baada ya kilomita 500 za kwanza.

Kisha zungusha friwili hab (swichi za katikati ya magurudumu ya mbele) hadi LOCK na uendeshe kwenye 4x4 angalau kilomita 16 kila mwezi, kwenye vumbi au changarawe. Shafti isiyozunguka huiacha sili ikauke.