Chango la mtoto na sifa ya Gripe Water
Mtoto wa wiki 6 anapolia kila jioni, uso umemwiva na miguu ameikunjia tumboni, bibi husema ni chango na kuagiza Gripe Water, dawa ya maji ya dukani ya tumbo la mtoto, au maji ya mizizi. Mfamasia William Woodward aliitengeneza Gripe Water mjini Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilikuwa na pombe, ambayo pengine ndiyo iliyomlaza mtoto. Kilio hiki kwa kawaida hupungua chenyewe kufikia miezi 3 au 4, hivyo chochote alichonyweshwa wakati huo hupata sifa isiyo yake. Mizizi nayo haina kipimo. Mbebe wima, mcheulishe, punguza mwanga; akiwa na homa, akitapika kijani au akigoma kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.