Kwa nini marais wanne wa Ufaransa walitoka shule moja?

Tangu Jamhuri ya Tano ianze mwaka 1958, Ufaransa imekuwa na marais 8. Nusu yao, yaani Valéry Giscard d'Estaing, Jacques Chirac, François Hollande na Emmanuel Macron, walisoma ENA, Shule ya Taifa ya Utawala. Mawaziri wakuu 9 nao walipita hapo, Chirac akiwemo. Shule yenyewe ilichukua watu 80 hivi kwa mwaka, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60.

Ukidhani siri ilikuwa masomo, umekosea njia. Muda mwingi wanafunzi walikuwa nje ya darasa, kwenye mafunzo kazini: ofisi ya préfet (mwakilishi wa serikali kuu mkoani), ubalozini, au kwenye kampuni. Kilichozaa marais ni mambo mawili: orodha ya ufaulu siku ya kumaliza, na haki ya mtumishi wa umma kwenda kwenye siasa, akishindwa akarudi kazini.

Ajabu ni kwamba ENA iliundwa ili kuvunja ukoo wa wakubwa. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kila idara kuu ilijitungia mtihani wake wa kuajiri, na wengi waliofaulu walitoka katika shule moja ya binafsi ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1872, ambako ada peke yake ilitosha kumzuia mtoto wa fundi au karani. Tarehe 9 Oktoba 1945 serikali ya muda ya Jenerali de Gaulle, kwa rasimu iliyosimamiwa na msaidizi wake Michel Debré, ikaweka mtihani mmoja kwa wote, na anayefaulu analipwa mshahara akiwa bado masomoni. Kulikuwa na mlango wa wanafunzi wa vyuo na mwingine wa watumishi walio kazini. Mwaka 1990 ukaongezwa wa tatu, kwa watu wa sekta binafsi, vyama vya kiraia na madiwani.

Mtihani ulikuwa mmoja, lakini maandalizi hayakuwa sawa. Mtihani ulioogopwa zaidi ni usaili wa dakika 45 mbele ya jopo, na mtu yeyote aliruhusiwa kuingia kutazama. Jopo liliuliza lolote: bajeti, uchoraji, habari za asubuhi. Lililopimwa hasa ni utulivu, lugha na wepesi wa kujibu, vitu ambavyo mtoto wa profesa au wa balozi huvizoea kwenye meza ya chakula cha jioni nyumbani. Mwanasosholojia Pierre Bourdieu aliuita urithi wa namna hii mtaji wa kitamaduni: hauonekani benki, lakini hurithishwa kama shamba.

Sasa siku ya kumaliza. Wote walipangwa kwa alama, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha kila mmoja alichagua nafasi ya kazi kwa zamu yake. Aliye juu alichagua, aliye chini aliokota kilichobaki. Kumi na tano wa mwanzo, au pungufu kidogo, karibu kila mwaka walikwenda kulekule: Ukaguzi Mkuu wa Fedha, Baraza la Dola (ambalo ni mshauri wa serikali wa sheria na pia mahakama ya juu ya utawala), au Mahakama ya Hesabu (inayokagua matumizi ya fedha za umma). Tazama marais wetu: Giscard na Macron ni wa Ukaguzi wa Fedha, Chirac na Hollande ni wa Mahakama ya Hesabu. Hakuna hata mmoja aliyetoka katikati ya orodha.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kasoro kubwa ya mfumo ilipokaa, kuliko hata ule usaili. Tofauti ya alama chache mtu akiwa na miaka 25 iliamua miaka 40 ya kazi yake. Tena vijana waliofaulu zaidi walianza maisha kwa kukagua kazi za wengine kabla ya kuendesha wao wenyewe hata hospitali moja.

Mkaguzi wa fedha alizunguka nchi kwa miaka 4 akipekua mahesabu ya taasisi. Baada ya hapo njia zilifunguka. Ya kwanza ni kuazimwa kwenye ofisi binafsi ya waziri, ile timu ndogo inayoandika hotuba, kupatanisha wizara na kusuluhisha migogoro usiku wa manane. Waziri anatafuta mtu wa kumwamini haraka, na mkuu wa ofisi yake anampigia simu aliyesoma naye. Kundi lililomaliza mwaka 1980, lililojiita Voltaire, lilikuwa na Hollande, Ségolène Royal (aliyekuja kugombea urais), Dominique de Villepin (aliyekuja kuwa waziri mkuu) na Michel Sapin (aliyekuja kuwa waziri wa fedha). Henri de Castries, aliyekuja kuongoza kampuni ya bima ya AXA, alikuwa nao humo.

Njia ya pili ni kampuni na benki. Wafaransa huiita pantouflage, kutokana na pantoufle, sapatu ya kuvaa nyumbani: mtu amevua viatu vya serikali, sasa anastarehe. Aliyetoka ENA alikuwa na deni la miaka 10 ya utumishi. Akiondoka mapema anarudisha fedha. Na sheria ya jinai inamkataza kwa miaka 3 kwenda kwenye kampuni aliyokuwa akiisimamia, kwa adhabu ya hadi miaka 3 jela na faini ya euro 200,000. Macron alikaa Ukaguzi wa Fedha kuanzia 2004 hadi 2008, akaenda benki ya Rothschild, akarudi mwaka 2012 akiwa naibu katibu mkuu wa Ikulu.

Njia ya tatu ni ubunge, na hapa ndipo ile haki ya kurudi inapofanya kazi. Mwaka 1981 kijana wa Mahakama ya Hesabu aitwaye Hollande aligombea ubunge katika mkoa wa Corrèze dhidi ya Chirac, mtu wa Mahakama hiyohiyo. Akashindwa, na mshahara wake haukuyumba. Akapata ubunge mwaka 1988, akaupoteza 1993, akarudi Mahakamani. Mwenye duka au wakili akishindwa mara mbili hivyo, wateja wameshahama. Uingereza mtumishi wa umma akitaka kugombea ubunge lazima kwanza ajiuzulu, na ndiyo maana huko wanasiasa na maafisa wa wizara ni watu wa safari mbili tofauti.

Macron alitangaza kuifuta ENA Aprili 2021. Tarehe 1 Januari 2022 ikazaliwa INSP, Taasisi ya Taifa ya Utumishi wa Umma, palepale mjini Strasbourg ilipokuwa ENA. Wahitimu huingia kwenye kada moja ya watawala wa dola. Anayetaka Baraza la Dola au Mahakama ya Hesabu lazima kwanza afanye kazi za utendaji angalau miaka 2. Kada ya Ukaguzi wa Fedha haiajiri tena, nafasi za kazi zimebaki. Wanadiplomasia, ambao kada yao nayo iliguswa, waligoma tarehe 2 Juni 2022, jambo ambalo ni nadra sana kwao. Kuna pia mlango maalumu kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo.

Mageuzi hayo hayakuigusa haki ya kurudi. Kabla yake, sheria za mwaka 2013 zilikuwa zimeipunguza tu: mtumishi akichaguliwa kuwa mbunge huwekwa kwenye likizo bila malipo, na miaka yake bungeni haihesabiwi katika kupanda cheo wala katika pensheni ya utumishi. Akishindwa, cheo chake kipo.