"Ndivyo alivyo" si jibu: kisukari kwa mwenye ulemavu wa akili

"Ndivyo alivyo." Kauli hii haikosi siku ya kliniki ya kisukari. Kijana amemsukuma mdogo wake, amejigonga kichwa ukutani, na nyumba nzima imekubaliana kwamba ni ulemavu wake wa akili. Hakuna aliyemtoboa kidole kumpima sukari.

Ubongo huishi kwa sukari. Ikishuka chini ya 4 mmol/L (namba ya mashine ya kupimia sukari ya damu) mtu yeyote anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuwa mkali au kuchanganyikiwa. Wewe utasema unajisikia vibaya. Asiyeweza kusema atang'ata mkono, atanyamaza ghafla, au atagoma kuvaa viatu. Tazameni na saa: aliyechomwa insulini ya mchanganyiko ya 30/70 (ya haraka na ya polepole pamoja) asubuhi yumo hatarini kuelekea mchana, hasa chakula kikichelewa. Anayemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari yake ikishuka apelekwe hospitali hata kama ameshaamka vizuri, kwa sababu dawa hiyo hufanya kazi karibu siku nzima na sukari inaweza kushuka tena. Na mwenye kifafa akianguka, apimwe pia. Si kila degedege ni kifafa chake kilekile.

Basi tabia ikibadilika ghafla, pima kabla ya kukaripia. Mnawishe kidole na ukikaushe, maana juisi ya embe kidoleni huleta namba kubwa ya uongo. Ikiwa chini ya 4, au huna kipimo na dalili unaziona, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Usimpe maziwa wala chokoleti, mafuta yake huchelewesha sukari. Pima tena baada ya dakika 15; ikiwa bado, rudia. Ikishapanda apate uji au ndizi. Aliyezimia au asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Siku mbaya kuliko zote ni siku yenyewe ya kliniki. Mmetoka Mbagala alfajiri, hajala kwa ajili ya kipimo, lakini dawa kapewa "asije akaikosa". Daladala, kisha foleni. Saa tano anapiga kelele na watu wanageuka kumtazama. Akitakiwa aje bila kula, bebeni dawa, sindano na chakula. Apewe dawa akishapimwa, chakula kikiwa tayari mbele yake.

Wekeni daftari lenye saa, namba ya kipimo na alichokifanya. Wiki mbili za kuandika kwa uaminifu mara nyingi huonyesha dalili zake mwenyewe, ambazo hazimo kwenye bango lolote la ukutani.

"Saga tu, tia kwenye uji." Metformini, kidonge cha kisukari, ile inayoyeyuka polepole haisagwi kamwe, kwani dozi ya siku nzima itatoka kwa mkupuo. Hata vile vinavyosagika, akiacha nusu bakuli hujui amepata miligramu ngapi. Akikataa vidonge, fikiria tumbo kabla ya ukaidi: metformini huleta kichefuchefu na kuhara, ndiyo maana kwa kawaida huanzwa na miligramu 500 pamoja na chakula, ikapandishwa taratibu. Mwambieni daktari.

"Dawa za akili hazihusiani na sukari." Zinahusiana. Olanzapini huongeza hamu ya kula, uzito na sukari. Msiikatishe wenyewe, pelekeni orodha ya dawa zote kliniki zote mbili.

"Huyu hawezi kujifunza." Wengi wanaweza, mkifundisha hatua moja moja kwa mpangilio uleule kila siku. Anzeni na ya mwisho, yaani kutupa sindano kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Akiizoea, ongezeni iliyoitangulia. Vidonge vikae kwenye kisanduku cha vyumba vya siku 7, jua limechorwa kwa asubuhi na mwezi kwa usiku. Kuvuta insulini kwenye bomba kubaki kwenu, na namba ya uniti isomwe kwa sauti kabla ya kuchoma.