Shoti si wizi: mambo ya kukagua kabla ya kumnyooshea keshia kidole

Kazi yangu ni ukaguzi wa ndani wa hesabu, na majalada mengi ya nidhamu yanayofika mezani kwangu huanza na neno wanalolijua makeshia wote wa Tanzania: shoti. Hesabu ya jioni imefungwa, fedha za kwenye droo ni pungufu ya zile ambazo mashine inasema zilipaswa kuwamo, na kabla kitabu chochote hakijafunguliwa mtu ameshaitwa mwizi. Shoti ni tofauti tu kati ya namba mbili, moja iliyohesabiwa na nyingine iliyoandikwa, na yoyote kati ya hizo inaweza kuwa ndiyo yenye kosa, ijapokuwa waajiri wengi huikagua ile ya keshia peke yake.

Nayasema haya nikiwa nimekalia viti vyote viwili. Kabla ya kusomea ukaguzi nilikuwa keshia kwenye duka la jumla, na jioni moja droo yangu ilikutwa na upungufu wa shilingi 180,000. Msimamizi aliniuliza mbele ya wapakiaji na wateja wawili, "Dada, hela za watu umezipeleka wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu asiyechukua kitu hajui kilikokwenda, na ukimya wangu ukahesabiwa kuwa ushahidi. Usiku ule nilitia sahihi karatasi ya kukiri deni ili niruhusiwe kwenda nyumbani.

Aliyeniokoa alikuwa mhasibu wa duka, mama mmoja mtu mzima ambaye asubuhi yake hakuniuliza swali hata moja. Alichukua kikokotoo, akagawa 180,000 kwa 9, akapata 20,000 kamili, kisha akaagiza daftari la makabidhiano. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea lazima igawanyike kwa 9, na jibu la mgawanyo huo linaelekeza mahali pa kutazama: 20,000 maana yake ni kwamba tarakimu zilizohama zimepishana kwa mbili, na zimo katika nafasi ya malaki na ya makumi elfu. Saa saba mchana nilikuwa nimemkabidhi msimamizi 530,000, naye akaandika 350,000. Hati ya benki ya siku ile ilionyesha kuwa fedha zilizopokelewa zilizidi daftari lake kwa 180,000 zile zile. Ziada hiyo ilikuwa imeonekana tangu fedha zilipopokelewa benki, na hakuna aliyeiuliza ilikotoka.

Naomba nieleweke vizuri: kugawanyika kwa 9 ni kidokezo, hakithibitishi kitu, kwa kuwa namba nyingi hugawanyika kwa 9 bila kosa lolote. Ndiyo maana hatua ya kwanza ninayoichukua ni kutafuta kama kiasi kile kile kimejitokeza kama ziada mahali pengine. Mteja aliyelipa kwa simu, lakini mauzo yake yakaingizwa kama fedha taslimu, huacha shoti kwenye droo na ziada ya kiasi hicho kwenye akaunti ya malipo ya simu. Halafu naigawa shoti kwa mbili, maana bidhaa ya 45,000 iliyorudishwa na mteja ikiandikwa kama mauzo badala ya kupunguzwa huzaa upungufu wa 90,000. Hayo yote huchukua saa mbili au tatu, nami sijaona duka ambalo haliwezi kuzisubiri.

Sheria nayo haimruhusu mwajiri kukimbilia hukumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ilikuwa halali na kwamba utaratibu ulifuatwa. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba yeye si mwizi. Kanuni za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, pamoja na haki ya kuingia kwenye kikao na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hata pale hasara inapokuwa imesababishwa na mfanyakazi, mwajiri hawezi kuikata kwenye mshahara kabla ya kumweleza kwa maandishi chanzo chake, kiasi na namna kilivyokokotolewa, na kumpa nafasi ya kukipinga, na makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya mshahara wake wa fedha. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na nimeona watu wazuri wakizimaliza siku hizo wakiwa wamekaa nyumbani kwa aibu.

Wakati ule mimi sikujua lolote kati ya haya. Nilichokijua ni kwamba ile karatasi niliyoitia sahihi ilikuwa ingali kwenye jalada langu, na kwamba yeyote atakayelifungua baadaye ataisoma kama ilivyo. Nilimwomba mhasibu aichane, akakataa, akisema kwamba hati haichanwi. Aliandika juu yake kwa kalamu nyekundu, "Kosa la uandikaji katika makabidhiano, deni halipo," akaweka tarehe na sahihi, akamwita msimamizi naye atie yake, kisha akanitolea nakala.