Skonzi za matunda hazihitaji kukandwa sana

Wapishi wengi wa nyumbani hapa Mtwara huamini kwamba donge la skonzi za matunda likikandwa kwa muda mrefu, kama la maandazi, ndipo skonzi zitakapoumuka vizuri. Imani hiyo inatokana na mazoea ya hamira, na pengine na jina lenyewe, kwa kuwa skonzi za dukani kwetu mara nyingi ni mikate midogo ya hamira. Skonzi za matunda ni za Kiingereza, nazo huumuliwa kwa baking poda, ambayo huanza kutoa gesi mara tu inapokutana na maziwa. Kukanda huimarisha gluteni, yaani utando wa protini za ngano unaovutika; utando huo hunasa gesi ya hamira inayozalishwa polepole, lakini kwenye skonzi hizi huleta ugumu tu.

Kwa gramu 225 za unga, gramu 50 za siagi hufikichwa kwa ncha za vidole hadi mchanganyiko ufanane na chenga. Kwa joto letu la pwani siagi huyeyuka upesi mkononi, kwa hiyo ni heri itoke kwenye friji wakati huohuo. Zabibu kavu, au korosho zilizokatwakatwa (mimi huchanganya zote mbili), hutiwa kabla ya maziwa. Donge likishikamana, hata likiwa na mikunjo, likatwe vipande vyenye unene wa sentimita 2 hadi 3 na kuokwa mara moja katika nyuzi 220 za Selsiasi kwa dakika 12 hadi 15.