Nyota moja haifutwi kwa kulipia matangazo
Wenye maduka na migahawa wengi huamini kwamba ukilipia matangazo Google, maoni mabaya yanaondolewa. Sivyo. Mteja akiandika "chipsi zimekuja baridi, tumekaa saa nzima" na kukupa nyota moja, maneno hayo yanabaki hata ukiripoti mara kumi, maana Google haiingilii ubishi wa nani mkweli kati yenu. Kinachofutwa ni kinachovunja kanuni zake: matusi, maoni ya kununuliwa, mshindani anayekuchafua. Na wewe kujipa nyota tano kwa simu ya shemeji? Hilo nalo limo. Marekani, tangu Oktoba 2024, kununua maoni bandia kunaweza kukupiga faini. Kilichobaki mkononi mwako ni kitufe cha kujibu, na jibu hilo wateja wajao watalisoma.